Cheti Ukutani, Unga Stoo: Mafunzo na Ajira Kwenye Biashara Ndogo za Chakula

Ukipita Kibaigwa msimu wa mavuno, njiani kati ya Morogoro na Dodoma, utayakuta malori yamejipanga, makuli wana magunia mabegani, na madalali wanachoma bambo kwenye gunia kuona kama mahindi ya chini yanafanana na ya juu. Ni moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini, na kila mtu analiona. Kisichoonekana ukiwa barabarani ni biashara iliyoko nyuma yake, kwenye nyumba za kawaida. Huku mama anatengeneza unga wa lishe, kule kijana anakamua alizeti, mtaa wa pili kuna kikundi kinachokaanga karanga na kuzifungasha. Ingia sebuleni kwao. Vyeti vimetundikwa ukutani: ujasiriamali siku tatu, usindikaji siku tano, utunzaji wa kumbukumbu siku mbili. Uliza basi kwa nini bidhaa haijafika kwenye rafu za maduka ya Dodoma mjini. Jibu ni moja kila nyumba: "Wanataka TBS," yaani alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Imekuwaje mtu akasoma mara tatu na bado akakwama mlangoni? Nionavyo mimi, kosa haliko kwake. Neno "mafunzo" tumelibebesha mizigo isiyofanana. Kuna mafunzo ya kuupa mkono ujuzi, kuna ya kukuandaa kwa mkaguzi, kuna ya kukupa karatasi kwa kitu unachokijua tayari, na kuna ambayo kazi yake kubwa ni kukufikisha kwenye mkopo au kwenye orodha ya ajira. Yote yanatangazwa kwa bango moja na kumalizikia kwa picha ya pamoja. Mtu akiyachukua kama kitu kimoja, atasoma kilichopo badala ya anachokihitaji.

Mlango unaofunga si ule unaodhani

Tumfuate mama mmoja. Ni mfano niliouunga kutoka kwa watu wengi, kwa hiyo jina halina kazi. Na si mama lishe wa wali na maharage. Huyu anauza unga wa lishe. Anachanganya mahindi, ulezi, soya na karanga, anapeleka kwenye mashine ya mtaa, anapima kilo moja moja na kufunga. Majirani wananunua, walimu wa shule ya karibu wananunua, na siku moja mwenye duka kubwa Dodoma anamwambia alete katoni kumi zenye alama ya ubora.

Mpaka Juni 2019 chakula kilisimamiwa na TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikahamishia chakula na vipodozi TBS kuanzia Julai 1, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Nalitaja hili kwa sababu bado kuna makabrasha ya semina yanayomwelekeza msindikaji aende TFDA. Ukipewa kabrasha la namna hiyo, ujue mwalimu wako hajalifungua miaka mingi.

TBS inaangalia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna jengo, na kuna bidhaa. Alama ya ubora inahusu bidhaa, na hiyo ndiyo watu wanaiota. Lakini mlango wa kwanza ni jengo, na hapo ndipo mama wetu ameganda, kwa kuwa anasindikia jikoni kwake, jiko lile lile linalopika ugali wa watoto. Mkaguzi anataka chumba cha kazi hiyo peke yake, ukuta na sakafu vinavyosafishika, dari, madirisha yenye wavu, maji, choo kisichofungukia kwenye chumba cha kazi, na mpangilio unaofanya malighafi iingie upande mmoja na unga uliofungwa utokee upande mwingine bila kupishana. Anataka pia kuona kwamba wanaogusa chakula wamepimwa afya. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopatikana kwenye semina ya ujasiriamali, kwa sababu hiki ni chumba na fedha ya kukijenga.

Hapo ndipo SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, inapokuwa na maana kuliko watu wanavyodhani. Shirika hili liliundwa kwa Sheria Namba 28 ya mwaka 1973 na lina ofisi kila mkoa wa Tanzania Bara. Wengi wanalijua kwa kozi fupi za jemu, achari, siagi ya karanga na viungo. Kozi ni nzuri, lakini kuna vitu viwili vyenye uzito zaidi. Kwanza, baadhi ya mitaa yake ya viwanda ina vyumba ambavyo msindikaji anayeanza anaweza kupanga, kwa hiyo anaweza kuruka hatua ya kujenga. Pili, msindikaji mdogo aliyetambulishwa TBS kwa barua ya SIDO hupewa huduma ya kupata alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ukaguzi na upimaji wa sampuli vinagharimiwa na serikali. Mtu anaweza kuhudhuria semina tano asiambiwe kwamba ile barua ipo.

Mambo mengine ya karatasi nayapita haraka kwa kuwa hayana siri: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Yanachosha, lakini yanaisha. Serikali yenyewe ilikiri mwaka 2018, kwenye mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara, kwamba taasisi nyingi zinagongana juu ya mfanyabiashara yule yule. Tangu hapo baadhi ya tozo zimefutwa na nyingine zimeunganishwa.

Ila msimbomilia, ile mistari myeusi na myeupe kwenye kifungashio, una uvumi wake. Watu wanaamini bidhaa yenye namba inayoanzia 620 imethibitishwa ubora, au lazima imetengenezwa Tanzania. Hapana. 620 inaonyesha kwamba namba imetolewa na GS1 Tanzania, taasisi inayogawa namba hizo, basi. Inamsaidia mwenye duka kuisoma bidhaa kwenye mashine. Haisemi kitu kuhusu kilicho ndani ya mfuko. Nimewaona watu wakikimbilia msimbomilia kabla ya jengo kwa kuwa unaonekana na unapendeza. Ni kama kununua kufuli kabla ya kuweka mlango.

Somo ambalo mama wa lishe analihitaji hasa

Tuseme chumba kimepatikana. Sampuli inakwenda maabara. Inarudi imeanguka.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana ndiyo sehemu yenye uhai na kifo ndani yake. Mwaka 2016, kwenye vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua ini ghafla, wakawa manjano macho, na takriban 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa, zikaanikwa au kuhifadhiwa vibaya. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na haiondoki kwa kupika. Unaweza kukoroga uji mpaka jioni, itabaki humo.

Sasa rudi kwenye mapishi ya mama wetu. Mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi na ukungu huo ni mahindi na karanga, na yeye ameyaweka yote mawili kwenye mfuko mmoja, kwa ajili ya mtoto wa miezi minane. Ndiyo sababu maafisa lishe wanasisitiza usirundike nafaka nyingi kwenye unga wa mtoto: kila nafaka unayoongeza ni mlango mwingine wa sumu, na mtoto hapati faida ya maana kutoka kwenye nafaka ya tatu ambayo hakuipata kwenye ya kwanza. Soya nayo ina sharti lake. Ikisagwa mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo lazima ipate moto wa kutosha kabla ya kusagwa. Mtu aliyefundishwa mapishi tu ("soya robo, karanga robo") bila kuambiwa sababu, atakaanga kidogo ili kuokoa mkaa.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni, ambapo ile aina kali zaidi, B1, haivuki 5. Namba hizi si za maabara peke yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakalala mipakani, na zuio lilipolegezwa siku chache baadaye lilikuja na masharti ya vyeti. Mkulima wa Kongwa ambaye hajawahi kusikia neno "sehemu katika bilioni" alilisikia kwenye bei.

Kinachofundishika, tena kwa siku moja shambani, ni hiki: vuna mahindi yakikauka, usiyamwage ardhini, anika juu ya turubai au kichanja, chambua yaliyovunjika na yenye ukungu kabla ya kupukuchua, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au kihenge cha chuma. Kuna kipimo cha maskini ambacho maafisa ugani wanakitumia: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika kama 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Lakini hata kipimo hiki kinahitaji kuelezwa kwa ukweli. Chumvi huanza kuganda unyevu unapokuwa juu ya asilimia 15 hivi. Isipoganda, umejua tu kwamba uko chini ya hapo. Hujajua kama umefika 13.5. Kwa hiyo chumvi inakataza kuhifadhi, ila haimpi mtu ruhusa ya kuuza kwa mnunuzi mwenye mashine ya kupimia. Mwalimu asipolisema hilo, amefundisha nusu.

Na kwa karanga, kazi kubwa ni macho na mikono: kuchambua punje zilizonyauka, zenye rangi mbaya, zilizopasuka. Sumu hukusanyika kwenye punje chache sana, kwa hiyo uchambuzi wa subira unaondoa sehemu kubwa ya hatari. Mama wetu alipokuwa akinunua karanga za bei nafuu sokoni, alikuwa ananunua zile ambazo wengine wamezitenga. Somo lake, basi, ni ununuzi: anunue kwa nani, aangalie nini, na alipe bei gani ya ziada kwa mzigo uliochambuliwa.

Baada ya 2016 serikali ilianzisha mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, kwa fedha zilizopitia Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kati ya vilivyojengwa ni kituo cha masuala ya mazao baada ya kuvuna pale Mtanana, wilayani Kongwa, si mbali na Kibaigwa. Mradi huo ulifanya pia jambo ambalo nalihesabu kuwa mfano mzuri kuliko semina zote: ulifundisha vijana kutengeneza vihenge vya chuma. Kijana hakutoka pale na ushauri, alitoka na kitu cha kuuza. Mkulima anahitaji kihenge, kijana anajua kukata na kulehemu bati, na chakula kinasalimika. Hapo mafunzo, ajira na afya vimekutana kwenye karatasi moja ya bati.

Ajira ziko wapi, na haziko wapi

Ukisema "ajira kwenye kilimo", wengi wanaona picha mbili: jembe, au afisa ugani kwenye pikipiki. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki kwa maelfu, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini nafasi zake hutoka kwa tangazo la Sekretarieti ya Ajira na waombaji ni wengi kuliko viti. Anayeitaka lazima awe na cheti au diploma kutoka vyuo vya kilimo kama Uyole, Ilonga, Ukiriguru, Tumbi au Mlingano, au vya mifugo kama LITA Mpwapwa na Tengeru. Kijana wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo ya sayansi anaweza kuingia. Ni njia ndefu na nzuri, ila asiahidiwe kuwa mwisho wake ni ajira ya serikali.

Picha ya tatu ni ile ya mashamba makubwa ya vijana. Mpango wa serikali wa BBT (Building a Better Tomorrow) ulipofungua dirisha lake la kwanza, maombi yalizidi 20,000 na waliochaguliwa walikuwa 812. Kila nafasi iligombewa na watu wapatao 25. Siupingi mpango huo; ninasema tu kwamba kitu chenye uwezekano wa moja kwa 25 hakiwezi kuwa ndio ushauri tunaompa kila kijana anayeuliza.

Kazi zenyewe zimejificha katikati, kati ya shamba na sahani. Nenda kwenye mashine ya kukoboa na kusaga yenye mota mbili. Kuna mwendesha mashine, kuna anayepokea na kupima mzigo, kuna wafungashaji, kuna mtunza stoo, kuna anayepeleka mzigo madukani na kurudi na hela za wiki iliyopita. Na kuna fundi asiyekaa hapo lakini anayeitwa kila chekeche inapotoboka, mkanda unapokatika au mota inapoungua. Fundi mzuri wa mashine za nafaka kwenye mji kama Kibaigwa hana siku ya kukaa bure kuanzia Juni hadi Oktoba. Hizi hazitangazwi popote. Zinapatikana kwa kujulikana, kwa mtu kusema "yule dogo anajua".

Lakini "anajua" ina shida moja: haivuki mtaa. Kwa huyo kijana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu ambao nausifia kila nikipata nafasi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi, mpishi au mhudumu aliyejifunza kazini anatathminiwa kwa vitendo, anaongezewa anachopungukiwa, kisha anapewa cheti. Hakai darasani miaka miwili kufundishwa kitu alichokifanya kwa miaka kumi. Kwa mama lishe anayetaka kupika kwenye kantini ya kiwanda au shule, karatasi hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuingia kwenye zabuni na kubaki nje ya geti. Kwa asiyejua kitu kabisa, kozi ndefu za VETA zimekuwa kwa miaka mingi na ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Gharama inayomshinda mzazi kwa kawaida huwa vifaa, nauli na chakula.

Halafu kuna vyuo tunavyovisahau. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya umma vya Sweden. Viko zaidi ya 50, vingi viko wilayani na si mjini. Kwa mkoa wa Dodoma kuna Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Vinapokea watu ambao mfumo wa mitihani uliwatema, wakiwemo wasichana walioacha shule kwa ujauzito, na baadhi yao huwapokea pamoja na watoto wao. Kilimo, mifugo, upishi na ushonaji vinafundishwa kwa kozi fupi na ndefu. Majengo yao yamechakaa sehemu nyingi na walimu ni wachache, lakini kwa umbali na kwa roho ndio walio karibu zaidi na msindikaji mdogo.

Nani analipia haya yote? Jibu linawashangaza wengi. Sehemu ya fedha za VETA inatoka kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwajiri hulipa kwa kiasi cha mishahara yote anayotoa. Julai 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Mwajiri mwenye watu chini ya 10 halipi. Kwa hiyo kiwanda kikubwa cha unga cha Dar es Salaam, kwa namna fulani, kinachangia kumfundisha mshindani wake mdogo wa Kongwa. Napenda jinsi ilivyokaa. Lakini ina upande wa pili: kwa kuwa mlipaji ni mwajiri mkubwa, kozi nyingi zimechongwa kwa mahitaji yake, umeme wa viwandani, hoteli, magari, na biashara yenye watu watatu haina mtu kwenye meza ya kupanga mitaala.

Kuna pengo jingine ambalo sijaona likizibwa. Kiwanda kidogo cha chakula kinahitaji mtu anayejua ubora: kuandika kumbukumbu za kila toleo, kupima unyevu, kuandaa sampuli, kusoma barua ya TBS na kuielewa. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinatoa wahitimu wa sayansi ya chakula kila mwaka, na baadhi yao wanauza vocha. Hakuna kiwanda cha watu watatu kitakachomlipa mhitimu mshahara wa mwezi mzima. Lakini viwanda vitano vilivyopo kata moja vinaweza kumgawana, kila kimoja siku moja kwa wiki. Sioni kinachozuia zaidi ya mazoea. Ajira tunaijua kama meza moja, bosi mmoja, mshahara mmoja.

Mafunzo kama tiketi ya mkopo

Hapa ndipo mambo huchafuka. Kisheria kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti yanataka kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki, na kupitia mafunzo kabla ya kukabidhiwa fedha. Likaja tatizo ambalo ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zililianika: mabilioni ya shilingi hayakurejeshwa, na baadhi ya vikundi havikuonekana vilipo. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasitishwa, na mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia fedha benki.

Tazama kinachotokea mafunzo yanapokuwa tiketi. Watu watano wanaunda kikundi kwa ajili ya fomu. Mmoja ana biashara, wanne wana majina. Siku ya mafunzo wote wanakuja, wanasaini mahudhurio, wanakula, wanasikiliza habari za mpango wa biashara ambao afisa mmoja amewaandikia tayari. Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi wa namna hiyo. Swali la kwanza kutoka kwa washiriki lilihusu nauli, la pili lilihusu tarehe ya fedha kuingia, na halikuja la tatu. Siwalaumu. Waliambiwa huu ni mlango, wakataka kujua unafunguka saa ngapi.

Tofauti yake utaiona kwa kikundi kilichokuwa na kazi kabla ya mkopo. Wale wa karanga za kukaanga wa Kibaigwa, wakiwa na wateja na daftari la mauzo la miezi sita, wanajua hasa wanachokosa: mashine ya kufungia inayobana vizuri ili karanga zisilainike, na turubai mbili za kuanikia. Hao wakienda kwenye mafunzo wanauliza bei ya vipuri na fundi yuko wapi. Mkopo mdogo unawatosha. Ule mkubwa ungewaua, kwa sababu wangenunua mashine inayokaanga kwa saa moja kiasi wanachouza kwa mwezi. Yaliyowapata wengi kwenye wimbi la vitalu nyumba (greenhouse) yalikuwa na sura hiyo hiyo: chuma na nailoni vilinunuliwa kwanza, elimu ya mnyauko wa bakteria na ya mdudu kantangaze ikaja nyanya zilipokwisha kulala.

Kalenda

Kitu cha mwisho kinachovuruga mafunzo ya chakula ni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Fedha zinachelewa kushuka, zinafika halmashauri Oktoba au Novemba, na afisa analazimika kuzitumia kabla ya kuulizwa. Basi somo la kukausha mahindi linatolewa Novemba, wakati mahindi ya Kongwa yalivunwa Mei na Juni, na kama yana ukungu yameshaliwa au yameshafika Nairobi. Mkulima anasikiliza kwa adabu, anaondoka, na mpaka msimu ujao amesahau habari ya chumvi na chupa.

Kwa hiyo kama uko kanda ya kati na una bidhaa iliyokwama, tarehe moja inayokufaa ni ile iliyokuwepo kabla ya semina zote: Nanenane, pale viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Kwa siku chache za Agosti, mabanda ya SIDO, TBS, VETA, vyuo vya kilimo, Wakala wa Vipimo na halmashauri yako yanakuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na waliomo ndani wana muda. Usiende kuomba mafunzo. Beba kilo moja ya unga wako ukiwa umefungwa kama unavyouuza, na picha ya chumba unachosindikia kwenye simu. SIDO waulize kuhusu chumba na barua ya utambulisho. TBS waonyeshe ile picha na uwaache wakuambie ukuta upi utakukwamisha. VETA waulize kijana wako wa mashine atatathminiwa lini. Halafu ukitoka hapo pita kwenye banda la watu wa sumukuvu, ukiwa na karanga kiganjani, uwaombe wakuonyeshe zipi wangezitupa.